Mawazo Yanapomfunga Mtu



Lugha yetu ina neno moja ambalo mgeni ajifunzaye Kiswahili hulikosea mara nyingi. Akisikia watu wakinena juu ya jirani, "Siku hizi ana mawazo," hudhani wamsifu kwa kuwa ni mtu wa shauri jema. Mwenyeji ajua sivyo. Mtu mwenye mawazo, kwa maneno yetu, ni yule ambaye chakula hakimshuki, ambaye huamka usiku wa manane akahesabu boriti za dari mpaka jogoo awike, ambaye huitwa mara tatu asiitike. Hatusemi ana maradhi, wala pengine hatusemi hata kwamba ana huzuni. Twasema ana mawazo, kana kwamba wazee waliotuachia lugha hii walikwisha kuona shida yake inakaa mahali gani.

Mwezi huu tumependa kukaa juu ya jambo hili, maana twaona kwamba nyumbani mwetu, na hata mashuleni, huchukuliwa kwa wepesi. Mtu akivunjika mguu, kijiji kizima hukimbia kutafuta machela. Mtu akiingiwa na mawazo huambiwa maneno mawili tu, "Acha mawazo," kisha kila mmoja huenda zake shambani.

Tuanze na mwalimu mmoja tuliyemjua. Jina lake hatulitaji, wala shule yake. Alikuwa mtu wa kazi, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya, mume mpole na baba wa watoto watatu. Mwaka mmoja wanafunzi wake wa darasa la saba hawakufanya vema katika mtihani; waliofaulu walikuwa wachache kuliko mwaka uliotangulia. Habari ilimwuma, kama ingalivyomwuma mwalimu yeyote. Wiki ile ile, siku ya gulio, alipita mbele ya wazazi wawili wa wanafunzi wake waliokuwa wamesimama karibu na mwuza chumvi. Alipokwisha kuwapita hatua chache, wakacheka.

Hayo tu ndiyo yaliyotukia. Lakini mwalimu alifika nyumbani akiwa na hukumu kamili moyoni: wananicheka mimi, kijiji chote chanicheka, sifai kuwa mwalimu, na sitafaa kamwe. Tangu siku ile akaacha njia kuu, akapita njia ya nyuma iendayo migombani. Akaacha kwaya. Madaftari ya watoto yakarundikana mezani bila kusahihishwa. Na kwa kuwa alijificha, watu wakapunguza kumsalimu, wakidhani ametakabari au ana shughuli; naye kila alipopitwa bila kusalimiwa alijiambia, "Ndivyo nilivyosema." Hivyo wazo lilijizalia ushahidi wake lenyewe. Mkewe alimwambia mara nyingi aache mawazo. Hata usiku mmoja, katika giza, mwalimu akanena polepole, "Ninyi mngekuwa na nafuu kama mimi nisingalikuwapo."

Mama yule hakulala tena. Kulipopambazuka alijitanda kanga yake, akaenda kumgongea bibi mmoja jirani, mkunga wa zamani. Yule bibi alifanya nini, tutasimulia. Kwanza tunaomba wasomaji watuvumilie tukazunguke mbali kidogo.

Jambo hili la mtu kuumizwa na hukumu yake mwenyewe halikugunduliwa jana. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo kuzaliwa, palikuwa na mtumwa katika dola ya Rumi, jina lake Epictetus, naye alikuwa kiwete. Alipokwisha kupewa uhuru alifundisha hekima, kwanza Rumi, halafu katika mji wa Nicopolis huko Uyunani. Alifundisha kwamba kinachomsumbua mtu si jambo lenyewe, bali hukumu aliyoitoa juu ya jambo hilo. Kama maneno hayo yangalitoka kwa tajiri aliyeshiba, tungaliyapokea kwa shaka. Yalipotoka kwa mtu aliyeonja utumwa, tuliona yafaa kusikilizwa.

Katika siku zetu, aliyelichunguza jambo hili kwa bidii kuliko wengi ni daktari Mmarekani, Aaron Beck. Alizaliwa mwaka 1921 katika mji wa Providence, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliohama kutoka Urusi. Alipokuwa mtoto alivunjika mkono, jeraha likaingia sumu iliyoenea katika damu, akakaribia kufa. Kwa sababu ya ugonjwa ule alikosa masomo mengi, akarudishwa darasa. Mtoto Beck hakusema moyoni, "Nimerudishwa kwa kuwa niliugua." Alisema, "Nimerudishwa kwa kuwa mimi ni mjinga." Walimu mnaosoma gazeti hili, twadhani mmewaona watoto wa namna hiyo, nao hawakosekani darasani mwenu leo. Baadaye alijitahidi, akawapata wenzake, akawapita, ndipo alipotambua kwamba lile aliloliamini juu ya nafsi yake halikuwa kweli.

Alipokwisha kuwa daktari wa akili huko Philadelphia, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alitibu wagonjwa kwa njia iliyokuwa ikisifiwa sana siku zile, njia ya Sigmund Freud wa Vienna. Mgonjwa hulala juu ya kochi, akasema lolote lijalo kinywani, na daktari akatafuta humo mambo ya utotoni yaliyozikwa. Siku moja mwanamke mmoja alikuwa akisimulia mambo yake ya siri bila kusita, na huku amejaa wasiwasi. Daktari angaliweza kudhani kwamba wasiwasi ule watoka katika mambo yale ya siri. Lakini alipomwuliza vizuri, akagundua kuwa muda wote wa masimulizi kulikuwa na wazo jingine likipita chini kwa chini, kama maji yapitayo chini ya mchanga wa mto uliokauka: "Ninamchosha daktari." Wasiwasi wote ulitoka huko. Wala mwanamke hakuwahi kulitaja wazo hilo, maana hakuliona kuwa ni wazo. Aliliona kuwa ni kweli.

Beck akaanza kuwauliza wagonjwa wengine, akaona kwamba karibu wote wana mikondo ya namna hii. Ni mawazo yajayo yenyewe, bila kuitwa, upesi kama kope ipepesavyo, na mtu huyaamini kabla hajayatazama. Kwa mtu aliyeingiwa na huzuni nzito, mawazo hayo huelekea pande tatu: juu ya nafsi yake, kwamba hafai, juu ya ulimwengu, kwamba watu wote wamemkataa, na juu ya siku zijazo, kwamba hazina heri. Mwalimu wetu alikuwa nayo yote matatu kabla hajafika nyumbani kutoka gulioni.

Basi Beck akaacha kuchimba utotoni, akafundisha jambo ambalo laonekana dogo. Alimketisha mgonjwa pamoja naye, wakalitoa wazo nje, wakaliweka mbele yao wote wawili kama mashahidi waletwavyo barazani. Una dalili gani kuwa ni kweli? Una dalili gani kuwa si kweli? Je, jambo hili laweza kuelezwa kwa njia nyingine? Nasi twawezaje kujaribu tuone? Daktari hakumbishia mgonjwa, wala hakumwambia awaze mambo mazuri. Alimtaka achunguze. Mwaka 1979 yeye na wenzake walitoa kitabu juu ya kazi hiyo, na tangu hapo imepimwa katika nchi nyingi, ikaonekana kuwasaidia watu wengi sana, si wa huzuni tu bali na wenye hofu za kila namna. Alifariki mwaka 2021, akiwa amefikisha umri wa miaka 100.

Ukijizoeza kuyasikiliza mawazo haya ndani yako utayatambua kwa sauti yake. Mengine husoma moyo wa mwenzio: "Amenichukia," na mwenzio hajafungua kinywa. Mengine hutabiri. Mengine hupenda sana maneno "siku zote" na "kamwe", maneno ambayo katika maisha ya mwanadamu ni mara chache mno kuwa kweli. Na hapa, tukiruhusiwa, tunazilalamikia kidogo methali zetu tuzipendazo. "Siku njema huonekana asubuhi" ni neno tamu kwa aliyeamka vizuri. Lakini mwenye mawazo, akimwaga chai saa moja asubuhi, huifanya kuwa hukumu ya siku nzima. Methali hutumikia kila anayeziita, na mwenye huzuni huziita zote zije kumshuhudia.

Lakini kwa nini mtu asiyaache tu, kama aambiwavyo? Mwaka 1987, katika mji wa San Antonio huko Texas, mtaalamu Daniel Wegner na wenzake waliwaomba vijana wakae dakika 5 wakisema yote yapitayo akilini mwao, ila wasimfikirie dubu mweupe; na kila wakimfikiria, wapige kengele. (Dubu mweupe ni mnyama mkali wa nchi za barafu, ambaye bila shaka hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na haja naye siku ile.) Kengele zililia. Tena wale waliokatazwa kwanza, walipokuja kuruhusiwa kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Wazo lililofukuzwa mlangoni hurudi dirishani na jamaa zake. Basi tunapomwambia ndugu yetu, "Acha mawazo," tunamwagiza kazi ambayo hata kwa dubu haiwezekani, kisha tunamlaumu kwa kushindwa.

Sasa twende Zimbabwe, maana huko jambo hili limefanyiwa kazi kwa namna ambayo sisi wa nchi hizi twaielewa upesi, pasipo kochi wala daktari.

Washona wa nchi ile huita shida hii *kufungisisa*. Katika lugha yao *kufunga* ni kufikiri, na *kufungisisa* ni kufikiri kupita kiasi. Msomaji wetu atatabasamu, kwa kuwa kwetu kufunga ni kukaza kamba au kutia komeo. Lugha hizi ni ndugu, ila katika neno hili zimeachana njia. Hata hivyo sisi twaona kwamba mtu aliyefikiri mpaka akafungisisa, kwa Kishona, amefungwa kweli kwa Kiswahili. Katika miaka ya 1990, Vikram Patel, daktari Mhindi aliyekuwa akifanya kazi Harare, pamoja na wenzake, walitunga maswali 14 ya kumtambua mtu wa namna hiyo kwa maneno ya watu wenyewe, wala hawakuacha kuuliza kama mtu amekuwa akifikiri mno, akifikiri mambo mengi.

Katika mwaka 2005 serikali ya nchi ile ilibomoa vibanda na nyumba nyingi mijini. Kazi hiyo iliitwa Murambatsvina, na Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapata 700,000 walipoteza makao yao au riziki yao, au vyote viwili. Mawazo yaliyowaingia watu hao hayakuwa ya kubuni. Mwaka huo huo daktari wa akili wa Harare, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Alikuwa amepangiwa kurudi hospitali. Mama yake alipoulizwa kwa nini hawakuja, alijibu kuwa hawakuwa na nauli ya basi, dola 15. Daktari alirudi nyumbani na jibu hilo, akatambua kwamba kukaa hospitalini na kungoja wagonjwa hakutoshi. Na madaktari wa kazi yake katika nchi nzima walikuwa wapata 12 tu.

Aliomba wauguzi, hawakupatikana, maana kazi zao ziliwazidi. Aliomba chumba katika zahanati, hakikupatikana. Alichopewa katika mtaa wa Mbare mwaka 2006 ni akina bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaani, wengi wao wenye elimu kidogo. Na kwa kuwa vyumba havikuwapo, wakakaa nje, penye benchi la mbao chini ya mti. Mwanzo benchi lile lilipewa jina la afya ya akili, na watu wakalikwepa, kwani nani apenda kuonekana ameketi hapo? Akina bibi wenyewe ndio walioshauri liitwe Benchi la Urafiki. Hapo watu wakaja.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu huketi na bibi mmoja kwa mazungumzo yapata sita. Jambo la kwanza huitwa *kuvhura pfungwa*, kufungua fikira: mtu humwaga yote yaliyomo, na bibi husikiliza tu, kisha huyapanga yale mambo moja moja, maana mawazo yakiwa yameshikamana hayahesabiki, na yakihesabiwa mara nyingi huonekana ni matatu au manne. Kisha huja *kusimudzira*, kumwinua: mtu mwenyewe huchagua shida moja, iliyo ndogo kiasi cha kushikika, akatafuta njia za kuielekea na kuchagua moja ya kujaribu wiki ile. Halafu *kusimbisa*, kumtia nguvu. Bibi hamwamulii. Akirudi, huulizwa imekuwaje. Baada ya mazungumzo hayo hualikwa katika kikundi cha wenzake waliopita njia ile ile, ambako huongea huku mikono ikifuma mikoba kwa plastiki kuukuu. Twapenda sana habari hii ya mikoba. Kusema jambo zito ni rahisi zaidi macho yakiwa kwenye kazi.

Je, ni hadithi nzuri tu? Walipima. Watu 573 wa zahanati 24 za Harare, wote wenye mawazo mazito, waligawanywa kwa kura ya zahanati: wengine waliketi na akina bibi, wengine walipata huduma ya kawaida ya zahanati iliyoongezewa nguvu kidogo. Habari zilichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, katika kila watu 100 wa huduma ya kawaida, wapata 50 walikuwa bado na dalili za huzuni nzito. Kwa walioketi benchini walikuwa wapata 14. Tangu hapo mabenchi yameenea Zimbabwe, yakafika Malawi, na hata Zanzibar, ambako wasikilizaji huongea Kiswahili hiki hiki chetu.

Tutazame vema akina bibi walifanya nini kilicholingana na kazi ya Beck. Nao hutoa wazo nje ya kichwa, likatazamwa na macho manne. Lakini huongeza jambo ambalo msomaji wa mijini asilipite upesi: nusu ya mawazo ya maskini ni kweli. Nyumba imebomolewa kweli. Kodi haijalipwa kweli. Ukimwambia mama wa Mbare kwamba shida yake imo katika fikira zake tu, umemtukana. Wazo la uongo huchunguzwa mpaka lionekane uongo wake. Wazo la kweli hutafutiwa hatua moja ya kufanya kesho asubuhi. Kuyatenga mawazo ya aina hizi mbili ndiko kuliko kugumu, na mtu aliye peke yake gizani mara nyingi hawezi.

Wala tusieleweke vibaya kwa upande mwingine. Yako maradhi ya akili yasiyoondoka kwa mazungumzo peke yake. Mtu asikiaye sauti za watu wasiokuwapo, mzazi aliyetoka kujifungua akamkataa mtoto wake, mtu aliyekaa majuma bila kulala, hao wapelekwe hospitali upesi, na dawa zipo. Pengine damu imepungua tu, au tezi ya shingoni imelegea, na huzuni yatoka humo. Wasomaji wa Tanga waijua Lutindi katika milima ya Usambara, ambako wamisheni wa Bethel walifungua nyumba mwaka 1896 kwa watoto waliokombolewa utumwani, ikaja kuwa nyumba ya kutunza wagonjwa wa akili. Tangu siku zile za zamani palikuwa na watu walioona kwamba mgonjwa wa namna hii ni wa kutunzwa, si wa kufungwa kamba kwenye nguzo.

Na jambo moja tulinene kwa uwazi, kwa kuwa twalisikia katika nyumba za Wakristo. Mgonjwa huambiwa, "Imani yako ni ndogo." Anayesema hivyo hudhani amtia moyo. Lakini mtu aliyekwisha kujihukumu kuwa hafai kwa kazi, kwa ndoa na kwa jamaa, akiambiwa kwamba hata kwa Mungu hafai, ameongezewa jiwe juu ya mzigo. Wengine huambiwa kuwa wamerogwa, na hilo nalo ni baya, kwa kuwa mtu aliyekuwa akisoma mioyo ya watu wawili gulioni sasa huanza kusoma mioyo ya kijiji kizima.

Turudi kwa bibi mkunga na mwalimu wetu.

Bibi alikuja asubuhi ile na ungo wa maharagwe, akaketi chini ya mwembe uani, akamwita mwalimu amsaidie kuchambua. Mwalimu akamwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikiwa, akaketi. Walichambua kitambo bila neno. Kisha bibi akamwuliza waziwazi, bila kuzunguka, kama amewahi kufikiri kujiondoa katika dunia. Watu wengi huogopa kuuliza swali hili, wakidhani litamtia mtu wazo asilokuwa nalo. Waliochunguza wameona sivyo. Mara nyingi mtu hupata nafuu kwa kuwa ameulizwa. Mwalimu alikaa kimya, akaitikia kwa kichwa. Bibi hakupiga kelele, wala hakumhubiri. Alisema, "Ahsante kwa kuniambia, mjukuu wangu." Siku ile ile dawa ya kuulia wadudu wa shambani ilihamishwa kutoka stoo ya mwalimu, na kesho yake bibi na mkewe walimsindikiza kituo cha afya, akapimwa, akapangiwa siku za kurudi. Usiku hakuachwa peke yake.

Maharagwe yaliendelea kwa majuma kadha. Mazungumzo mengine mwenyewe alitusimulia baadaye, naye ametupa ruhusa.

"Hao waliocheka," bibi aliuliza, "walikutaja jina?"

"Hapana, bibi."

"Walikutazama?"

"Nilikwisha kuwapa mgongo."

"Basi umejuaje?"

"Nilijua tu."

"Mimi nimezalisha wanawake miaka arobaini," bibi akasema, "na kila niliposema nimejua tu, nimekosea nusu. Kawaulize."

Alikataa. Ilipita wiki mbili akikataa. Ndipo siku moja, akiwa na mtoto wake mdogo mkononi ili apate sababu ya kusimama, alimwendea mmoja wa wale wazazi akamwuliza juu ya siku ile ya gulio. Mzazi akafikiri kwa muda mrefu. Akasema hakumbuki hata kama alikwenda gulioni wiki ile. Kisha akauliza, "Mwalimu, mbona umetuacha kwaya? Sauti ya chini imebaki kama kisima kisicho na maji."

Matokeo ya mtihani, hayo yalikuwa kweli, na bibi hakuyafuta. Alimtaka aseme yametokana na nini, jambo moja moja. Na katika mengi, mwalimu akachagua moja: watoto hawana mahali penye taa pa kusomea jioni. Mzazi yule yule alikuwa na taa ya jua barazani pake.

Mwalimu hajawa mtu mwingine. Alituambia kuwa ziko asubuhi ambazo miguu yake bado huelekea njia ya migombani, naye huigundua iko huko kabla hajajua amewaza nini. Siku nyingine hugeuka. Siku nyingine huifuata tu, kisha jioni humwambia mkewe kuwa leo ameifuata.

Mara ya mwisho tulipopita kijijini kwao ilikuwa yapata saa moja ya usiku. Baraza ilijaa watoto na madaftari, mwalimu ameinama juu ya hesabu za mmoja wao, na bibi ameketi pembeni na ungo wake magotini, amesinzia.